Globu za Kuokoa Stima: Anayeokoa Ni Nani?

Mwaka 2010 serikali ya Kenya na kampuni ya stima waligawa bure globu za kuokoa stima zaidi ya milioni moja, wateja wakirudisha zile za zamani. Nia ilikuwa njema, kupunguza mzigo wa stima saa za jioni. Tangu hapo globu hizo za mirija iliyojipinda zimeenea kutoka huku kwetu Pwani hadi vyumba vya mabati vya Kibera na Kawangware kule Nairobi. Hesabu yake siipingi. Ninachopinga ni kusifiwa kana kwamba nyumba zote ni sawa.

Globu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila siku hula uniti 9 kwa mwezi. Ya kuokoa stima ya wati 11, ambayo mwangaza wake unakaribia ule, haifiki uniti 2. Mwenye mita ataiona tofauti akinunua tokeni.

Lakini wapangaji wengi wa Kibera na Kawangware hawana mita. Hulipa kiasi kimoja kila mwezi, kwa mwenye nyumba au kwa aliyewavutia waya. Uwashe wati 11 au 60, malipo ni yale yale. Globu ya bei ghali anunue mpangaji, faida ale mwenye mita!

La pili ni uhai wake. Boksi huahidi maelfu ya saa, lakini globu hizi hudhoofika zikiwashwa na kuzimwa mara kwa mara. Ukiifunga katika choo cha ploti kinachotumiwa na nyumba kumi, haitafikia ahadi hiyo. Stima inayopanda na kushuka nayo huziua mapema.

La tatu ndilo zito. Ndani ya mirija hiyo mna zebaki kidogo, miligramu chache tu. Ikiwa nzima haina neno. Ikivunjika, mvuke wa zebaki hutoka, na katika chumba kimoja chenye mlango mmoja ambamo watoto hulala na chakula hupikwa, mvuke huo hauna pa kwenda.

Basi ikivunjika, fanya hivi. Toa watoto nje, fungua mlango na dirisha, ungoje kama dakika kumi na tano. Usifagie kwa ufagio, maana utaitawanya. Okota vipande kwa karatasi ngumu, vumbi lichukue kwa karatasi mbichi au selotepu, utie vyote ndani ya chupa yenye kifuniko. Na zilizoungua msiwape watoto kuchezea wala msizitupe mtaroni.

Dunia imeshaliona hili. Machi 2022, kule Bali, nchi za Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana, kwa pendekezo la nchi za Afrika, kwamba globu hizi za majumbani zisitengenezwe wala kuuzwa nchi za nje baada ya 2025.

Ushauri wangu ni kwamba ikiungua uliyo nayo, nunua ya LED. Haina zebaki, hula stima kidogo zaidi, na haijali sana kuwashwa na kuzimwa. Nanyi wenye nyumba, wawekeeni wapangaji mita ndogo. Anayezima taa naye aonje faida yake.