Je, Wajua? Tuzo za Wanasosholojia na Barua Zinazozizaa

Je, wajua kwamba Jane Addams alipendekezwa mara 91 kwa Tuzo ya Nobel ya Amani? Mapendekezo yalianza 1916 na kuendelea hadi 1931, mwaka alioipata hatimaye pamoja na Nicholas Murray Butler. Addams na mwenzake Ellen Gates Starr walifungua Hull House huko Chicago mwaka 1889, wakaishi katikati ya wahamiaji maskini. Mwaka 1895 wakazi wa nyumba hiyo walichapisha ramani za mtaa wao zilizoonyesha kila kaya inatoka taifa gani na inaishi kwa kipato gani. Leo kazi kama hiyo ingeitwa sosholojia ya vitendo, nayo ina tuzo yake. Lakini tazama tena hesabu ile ya 91. Kila mara kuna mtu aliyekaa chini akaandika.

Je, wajua kwamba Nobel ya sosholojia haipo? Wanasosholojia wachache walioifikia wamepitia mlango wa amani. Mmoja wao, baada ya Addams, ni Alva Myrdal wa Sweden, mwaka 1982, kwa kazi yake ya kupigania upunguzaji wa silaha. Anayejipendekeza mwenyewe huondolewa moja kwa moja, na majalada ya mapendekezo hufungwa kwa miaka 50.

Chama cha Sosholojia cha Marekani kilizaliwa Desemba 1905 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, na rais wake wa kwanza alikuwa Lester Ward. Je, wajua kwamba chama hicho hakiridhiki na tuzo moja ya “mwanasosholojia bora”? Kina tuzo ya usomi wa maisha yote na tuzo ya ufundishaji, zote mbili tangu 1980, na ya utendaji tangu 1986, yaani kwa wale wanaoitumia sosholojia nje ya darasa: serikalini, hospitalini, katika sensa, katika mashirika. Zipo pia za kitabu, za tasnifu, na za kuwaelewesha wananchi.

Mgawanyo huo una hekima kubwa. Vyuo vikuu vingi, vya kwetu pia, humpandisha mtu cheo kwa idadi ya makala alizochapisha, na mwalimu aliyelea vizazi vitatu vya wanafunzi hubaki pale pale alipoanzia. Tuzo ya ufundishaji inakataa hesabu hiyo. Tena inaweza kwenda kwa idara nzima au kundi la walimu, si lazima mtu mmoja, na mimi naona hilo ndilo jambo la kwanza ambalo vyuo vya Afrika Mashariki vingefaa kuiga. Somo zuri la mbinu za utafiti halijengwi na mhadhiri mmoja.

Je, wajua kwamba kwa kawaida kamati ya tuzo haiendi kumtafuta mtu? Huchagua kati ya majalada yaliyoletwa mezani. Asiyependekezwa hashindwi, kwa sababu hakuingia hata kwenye mashindano. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kila mmoja wa wenzake anadhani mwingine ameshaandika, mwenyewe anaona haya kuomba, na tarehe ya mwisho inapita.

Barua ya kumpendekeza mtu ina ufundi wake. Barua dhaifu husema fulani ni mchapakazi, mnyenyekevu, anapendwa na wote, na ina orodha ndefu ya machapisho yake. Sifa hizo kamati imezisoma katika majalada yote. Barua yenye nguvu husema: kabla ya kazi yake tuliamini hivi kuhusu ndoa, ardhi au gereza; tangu aandike, hakuna anayeweza kusema hivyo tena. Kwa tuzo ya ufundishaji, onyesha mtaala alioutunga na walimu wengine wanaoutumia, taja wanafunzi wake wamefika wapi. Kwa tuzo ya utendaji, onyesha kilichobadilika: kanuni iliyorekebishwa, zahanati iliyobadili saa zake za kazi kwa sababu ya utafiti wake, mradi wa maji uliohamishwa mahali. Waandikaji wa barua za kuunga mkono nao watoke sehemu mbalimbali. Barua tatu za watu wa ofisi moja ni sauti moja iliyorudiwa mara tatu.

Je, wajua kwamba wanasosholojia wenyewe ndio waliochunguza kwa nini tuzo huwafuata wale wale? Harriet Zuckerman aliwahoji washindi wa Nobel wa Marekani. Katika kitabu chake cha 1977 alionyesha kwamba kati ya washindi 92 waliofanyia kazi zao nchini humo hadi 1972, 48 walikuwa wamefanya kazi chini ya washindi waliowatangulia, wakiwa wanafunzi au wasaidizi. Zaidi ya nusu! Kukaa karibu na aliyekwisha kutambuliwa ni nusu ya safari ya kutambuliwa.

Mahojiano hayo hayo ndiyo yaliyomlisha Robert K. Merton alipoandika, mwaka 1968, makala yake mashuhuri katika jarida la Science kuhusu kile alichokiita athari ya Mathayo, jina alilolitoa katika Injili: watu wawili wakifanya kazi ya thamani ileile, sifa humwendea yule mwenye jina kubwa, na jina lake huzidi kukua. Makala ilitoka kwa jina la Merton peke yake. Baadaye aliandika waziwazi kwamba ilistahili kubeba majina mawili, lake na la Zuckerman. Namheshimu kwa kukiri hilo katika maandishi, ingawa makala ilikuwa imeshazunguka dunia nzima. Mwaka 1993 mwanahistoria Margaret Rossiter aliupa jina upande wa pili wa jambo hilo, kazi za wanawake kuhesabiwa za wanaume: athari ya Matilda, kwa kumbukumbu ya Matilda Joslyn Gage, mpigania haki za wanawake wa karne ya 19.

Na nani alipokea ile tuzo ya usomi wa maisha yote mara ya kwanza, 1980? Merton. Alistahili, bila shaka. Mwaka 1994 akawa mwanasosholojia wa kwanza kupewa Nishani ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, na mwanawe, Robert C. Merton, alipata Nobel ya uchumi 1997.

Je, wajua kwamba tuzo hiyo ya usomi wa maisha yote ilikwenda kwa wanaume tisa mfululizo kabla ya mwanamke wa kwanza? Huyo alikuwa Jessie Bernard, 1989. Kufikia hapo chama hichohicho kilikuwa na tuzo nyingine yenye jina lake, iliyoanzishwa 1976 kwa kazi zinazoipanua sosholojia ili iwaone wanawake.

Oliver Cromwell Cox alizaliwa Trinidad mwaka 1901, akaandika juu ya tabaka, rangi na ubepari miaka mingi bila vyuo vikubwa kumsikiliza. Mwaka 1971 akawa wa kwanza kupokea tuzo ya chama hicho iliyoitwa Du Bois-Johnson-Frazier. Alifariki 1974. Sasa tuzo hiyo inaitwa Cox-Johnson-Frazier.

Jina la Du Bois liliondoka humo kwa sababu lilipandishwa. W.E.B. Du Bois alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu Harvard, 1895. Kwa kitabu chake cha 1899 kuhusu Weusi wa Philadelphia alipita mlango kwa mlango katika kata moja ya mji, akihoji kaya kwa kaya, wakati wengi waliojiita wanasosholojia walikuwa bado wanaandika nadharia wakiwa maktabani. Alipokuwa hai hakuwahi kuwa rais wa chama cha wanasosholojia wa nchi yake. Alihamia Ghana 1961, akafia Accra tarehe 27 Agosti 1963, akiwa na miaka 95. Mwaka 2006 wanachama walipiga kura, na tuzo kubwa kuliko zote za chama, ile ya usomi wa maisha yote, ikapewa jina lake. Ilichukua zaidi ya miaka 100 tangu kitabu kile. Heshima hiyo nayo haikushuka yenyewe, bali wanachama waliandika hoja, wakaitetea, wakaitafutia kura.

E. Franklin Frazier alikuwa rais wa kwanza Mweusi wa chama hicho, 1948. Je, wajua kwamba kitabu chake juu ya tabaka la kati la Weusi kilitoka kwanza kwa Kifaransa, 1955, na toleo la Kiingereza likafuata 1957? Tuzo ya chama hicho iliyoitwa MacIver alipewa 1956, katikati ya matoleo hayo mawili.

Je, wajua kwamba wanachama wanaweza kuipita kamati? Pitirim Sorokin, mkimbizi kutoka Urusi aliyeanzisha idara ya sosholojia ya Harvard, alipuuzwa na wakubwa wa taaluma kwa miaka mingi. Mwaka 1963 kamati ya uteuzi haikumweka katika orodha ya wagombea urais. Wanachama wakaliingiza jina lake wenyewe, wakalipigia kura, likashinda. Akashika urais 1965 akiwa na miaka 76. Alifariki 1968, na kwa muda tuzo ya kitabu ya chama iliitwa kwa jina lake.

Mmoja wa walioipata tuzo hiyo ya Sorokin ni Immanuel Wallerstein, 1975, kwa kitabu chake cha mfumo wa dunia. Vitabu vyake vya kwanza vilihusu Afrika: siasa za uhuru, Ghana, Ivory Coast. Yeye na wenzake waliokuja kuijenga nadharia ya mfumo wa dunia walijifunza mengi katika bara hili, kwa mfano Giovanni Arrighi, aliyefukuzwa Rhodesia 1966 akaja kufundisha Dar es Salaam hadi 1969. Shirikisho la kimataifa la wanasosholojia, lililoundwa 1949 chini ya mwavuli wa UNESCO, lilipoanzisha tuzo yake ya utafiti na utendaji mwaka 2014, wa kwanza kuipokea alikuwa Wallerstein.

Je, wajua kwamba Archie Mafeje aliongoza idara ya sosholojia ya Dar es Salaam kati ya 1969 na 1971? Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilikuwa kimemteua mhadhiri mwandamizi, kisha kikauondoa uteuzi huo kwa shinikizo la serikali ya ubaguzi. Mwaka 2003 chuo kile kilimwomba radhi na kutaka kumtunuku udaktari wa heshima, lakini hakujibu. Alifariki 2007, na mwaka 2008 familia yake ikaipokea radhi hiyo. Nausoma mkasa huo kwa uchungu. Radhi hiyo ilichelewa miaka 35.

Je, wajua kwamba si lazima kuanza na tuzo kubwa? Chama cha Marekani kina sehemu nyingi za fani ndogondogo, na nyingi zina tuzo zake. Oyeronke Oyewumi wa Nigeria alishinda ya sehemu ya jinsia mwaka 1998, kwa kitabu kilichohoji kama mgawanyo wa wanaume na wanawake unaochukuliwa kuwa wa kawaida Ulaya uliwahi kutawala jamii ya Wayoruba. Patricia Hill Collins alishinda tuzo ya C. Wright Mills, ambayo ni ya chama kingine, kwa kitabu cha 1990, akawa rais wa chama cha Marekani 2009, na 2023 akapata tuzo ya Berggruen, dola milioni moja. Waandishi wa habari nao hawakusahauliwa: tuzo ya uandishi bora wa masuala ya jamii ilimwendea kwanza Malcolm Gladwell, 2007.

Na kwa wanaofundisha: tuzo ya tasnifu ya chama hicho huhitaji pendekezo la msimamizi, au la msomi anayeifahamu kazi ya mwanafunzi kuliko wengine. Mwanafunzi hawezi kuifanya kazi hiyo kwa niaba yako. Kama umesimamia tasnifu mwaka huu ikakufundisha jambo usilolijua, barua yake uiandike wewe, sasa, kabla hujasahau ukurasa gani ulikushangaza.