Mionzi inayoisaka saratani ya tezi dume: mwanamme wa Unguja ajue nini

Florini-18, dutu ya mionzi inayotumika sana duniani katika picha za saratani, hupungua nusu kila baada ya dakika 110. Tuseme imetengenezwa Dar es Salaam, ikapelekwa bandarini, ikavuka kwa boti ya karibu saa mbili hadi bandari ya Malindi, Unguja, kisha ikafikishwa hospitali. Ukiipa safari nzima muda wa saa tatu, kinachofika ni kama thuluthi moja ya kilichotoka. Lutetiamu-177, ambayo kazi yake ni kutibu saratani iliyosambaa, ikipita njia hiyo hiyo kwa muda huo huo hupoteza kiasi cha asilimia moja tu, kwani yenyewe huhitaji zaidi ya siku sita na nusu kupungua nusu.

Kwa mwanamme wa Kendwa, Nungwi au Mkokotoni anayeugua saratani ya tezi dume, hesabu hii ina maana kubwa. Tiba inavuka bahari kwa urahisi kuliko kipimo, na tiba hii haitolewi bila kipimo.

Tezi dume ni kitezi kidogo kinachokaa chini ya kibofu cha mkojo. Mwaka 2022 wanaume wapatao milioni 1.47 duniani waligundulika kuwa na saratani yake, na karibu 397,000 wakafariki. Tanzania, ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume. Kamati ya wataalamu iliyoundwa na jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba wagonjwa wapya watafika milioni 2.9 kwa mwaka ifikapo 2040, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo itaziangukia nchi za kipato cha chini na cha kati, kwa sababu watu wake sasa wanaishi hadi uzee.

Kwetu saratani hii hugunduliwa imechelewa. Mzee anaamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, anaambiwa ni utu uzima. Mkojo ukikatikakatika, anaambiwa ni ngiri. Mgongo ukiuma, anakandwa, maana amevuta nyavu tangu ujana wake. Lakini saratani ya tezi dume inapohama hupenda mifupa, hasa ya uti wa mgongo, nyonga na mbavu, na maumivu yale ya mgongo huenda ndiyo dalili ya kwanza iliyomfikisha mgonjwa kwa daktari.

Ikishafika kwenye mifupa, upasuaji wa kuitoa tezi hausaidii tena kuumaliza ugonjwa. Tiba kuu huwa ni kuizuia homoni ya kiume isiilishe saratani, ama kwa sindano au kwa kuondoa korodani, njia ambayo msingi wake uliwekwa na Charles Huggins mwaka 1941 na kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Wengi hupata nafuu kubwa, wengine kwa miaka. Kisha saratani hujifunza kuishi bila homoni, na hapo ndipo tiba nyuklia inapoingia.

Juu ya ukuta wa chembe za tezi dume kuna protini iitwayo PSMA. Chembe ikigeuka kuwa saratani, hasa saratani kali iliyosambaa, protini hii huwa nyingi mno. (Isichanganywe na PSA, ambayo hupimwa katika damu.) Wataalamu walitengeneza molekuli ndogo zinazoing'ang'ania PSMA hadi zikamezwa ndani ya chembe. Mojawapo, PSMA-617, ilibuniwa Heidelberg, Ujerumani. Mvuvi ataielewa molekuli hii upesi: ni chambo, na chambo kimoja hufungwa kwenye ndoana tofauti. Ukikifunga na galiamu-68, unapata picha. Ukikifunga na lutetiamu-177, unapata tiba.

Mgonjwa wa picha huchomwa sindano ya mshipa mkononi, husubiri kiasi cha saa moja, kisha hulala ndani ya mashine ya PET. Mashine haimpigi mionzi ya kuitafuta saratani, bali inapokea mionzi inayotoka mwilini mwake, na kila palipo na PSMA nyingi panang'aa kwenye skrini: tezi yenyewe, mtoki wa nyonga, kipingili cha uti wa mgongo. Utafiti uliofanyika Australia kwa wanaume 302 na kuchapishwa mwaka 2020 ulionesha kuwa picha hii ilibaini kwa usahihi hali ya kusambaa kwa saratani kwa asilimia 92, wakati picha za kawaida za CT na mifupa zilifika asilimia 65. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama mtu afanyiwe upasuaji au apewe tiba ya mwili mzima.

Picha ina kazi ya pili, nayo ni kuonesha nani atafaidika. Katika utafiti mkubwa wa VISION, wanaume 1,003 walipigwa picha kwanza, na kiasi cha asilimia 87 ndio waliokutwa na saratani inayokipokea chambo hicho ipasavyo. Asiye na PSMA ya kutosha akipewa lutetiamu anapata madhara bila faida. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na yeyote anayeuza tiba hii kwa mgonjwa ambaye hajapigwa picha.

Lutetiamu hutoa chembe za beta zinazosafiri milimita mbili hivi tu katika nyama. Hukatakata vinasaba vya chembe ya saratani iliyoimeza lutetiamu na majirani zake wa karibu, zikaishia hapo. Dozi ya kawaida ni gigabekereli 7.4 kwa njia ya mshipa kila baada ya wiki sita, hadi mara sita. VISION, uliochapishwa mwaka 2021, uliwagawa wanaume 831 waliokwisha kupitia dawa za homoni na tibakemikali. Nusu ya waliopewa lutetiamu pamoja na huduma ya kawaida waliishi zaidi ya miezi 15.3, na kwa waliopata huduma ya kawaida pekee ilikuwa miezi 11.3. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Machi 2022, na mwaka 2025 ikaruhusu baadhi ya wagonjwa kuipata kabla ya tibakemikali.

Miezi minne. Nasema wazi ili familia isiuze shamba la mikarafuu ikidhani inanunua uponyaji. Kwa wengine mafanikio hupita hapo sana, maumivu ya mifupa hupungua na mtu hurudi kutembea, lakini kwa saratani iliyosambaa hii ni tiba ya kuongeza muda na kupunguza mateso.

Afrika si mtazamaji tu katika jambo hili. Profesa Mike Sathekge wa Pretoria, Afrika Kusini, ni miongoni mwa walioongoza dunia katika kutumia aktiniamu-225, ambayo hutoa chembe za alfa zenye nguvu zaidi na zinazosafiri chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Mwaka 2024 alikuwa mwandishi wa kwanza wa ripoti ya wanaume 488 kutoka vituo vya nchi kadhaa. Karibu na kwetu, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ilizindua PET na saiklotroni yake (mashine ya kutengenezea dutu za mionzi kama florini-18) mwaka 2018, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ikafuata. Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road ina idara ya tiba nyuklia, na Serikali imewekeza hapo katika saiklotroni na PET. Wagonjwa wa Zanzibar wamekuwa wakivuka kwenda Ocean Road kwa miaka mingi.

Neno "nyuklia" huwatia watu hofu ya mabomu. Lakini iodini ya mionzi imetumika kutibu tezi ya shingo tangu Machi 1941, Saul Hertz alipompa mgonjwa wa kwanza huko Boston. Hofu ya haki ni ya madhara yanayojulikana. Tezi za mate nazo hukivuta chambo hiki, kwa hiyo karibu wanaume wanne kati ya kumi katika VISION walikaukwa na kinywa. Uchovu na kichefuchefu ni vya kawaida, na damu inaweza kupungua, hivyo hupimwa kabla ya kila dozi.

Kinachobaki cha lutetiamu hutoka zaidi kwa mkojo katika siku za mwanzo. Mgonjwa huambiwa akae anapokwenda haja ndogo, asisimame, ili mkojo usiruke. Mwanamme wa pwani aliyezoea kuchutama na kustanji kwa maji hapati tabu hapo, ila choo kimwagiwe maji mengi na mikono ioshwe vizuri kwa sabuni. Kwa siku chache alale peke yake, asiwapakate wajukuu wala kukaa karibu na mjamzito. Nyumba ya Unguja ina watu wengi, kwa hiyo chumba cha kulala kipangwe kabla ya safari ya kwenda kutibiwa. Ikiangukia Ramadhani, amwambie daktari mapema, kwa sababu atatakiwa anywe maji mengi, na mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga.

Je, Zanzibar inahitaji saiklotroni? Kwa maoni yangu, si leo. Galiamu-68 hupungua nusu kwa dakika 68, haifai kupanda boti, lakini huzalishwa ndani ya jenereta ndogo ya jemaniamu-68, na jenereta hiyo hutumika kwa miezi mingi. Kisiwa chenye mashine ya PET kinaweza kuwa na galiamu yake asubuhi yoyote. Na hata kabla ya PET, kuna kamera ya gama, ambayo ni nafuu. Hutumia teknesiamu-99m, ambayo hutoka katika jenereta ya molibdeni inayosafirishwa kwa ndege, na kinu cha SAFARI-1 cha Afrika Kusini ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa molibdeni hiyo. Teknesiamu nayo hufungwa kwenye chambo cha PSMA, na nchi kadhaa zisizo na PET zinaitumia hivyo. Picha yake ina ukungu zaidi kidogo kuliko ya PET, lakini inatosha kujibu maswali mengi. Kamera hiyo hiyo huiona lutetiamu mwilini baada ya dozi.

Ila mashine hizo zote hazina kazi pale ambapo hakuna aliyepima damu wala kuchukua kinyama cha tezi na kukisoma kwa hadubini. Fedha ya mwanzo iende huko, kwa vitendanishi vya PSA na kwa wataalamu wa kusoma vinyama.

Kwa hiyo, mwanamme uliyefika miaka 45, nenda Kivunge au Mnazi Mmoja ukamuulize daktari kuhusu PSA. Kama baba au kaka yako aliugua, uliza tangu 40. PSA ikiwa juu usikate tamaa, kwani hata maambukizi ya mkojo au tezi kukua kwa umri huipandisha. Ukipewa rufaa ya kuvuka, beba majibu ya kinyama, namba zote za PSA pamoja na tarehe zake, na picha za zamani. Bila karatasi hizo vipimo huanza upya, na fedha ya nauli na malazi huisha kabla ya tiba.