Mlango Nao ni Spika

Siku ya tatu baada ya kufungiwa spika mpya, nikiwa nimekwama kwenye foleni ya Ubungo, nilipeleka balansi ya redio kulia kabisa ili nijue ni spika ipi inayokwaruza. Besi ikarudi. Nikairudisha katikati, besi ikapotea. Nikaipeleka kushoto kabisa, ikarudi tena. Spika moja ilikuwa inatoa besi nyingi kuliko mbili zikipiga pamoja.

Fundi aliyezifunga nilikuwa nimeshampigia simu, naye alikuwa na jibu tayari: "Bosi, hizo spika zinataka amplifaya." Karibu ninunue. Aliyeniokoa ni mzee mmoja anayetengeneza redio karibu na ninapoishi. Nilimwamkia, nikamweleza kisa cha balansi, akacheka kabla sijamaliza. Alichomoa nyaya za spika nyuma ya redio, akatoa betri ya saa ya ukutani, ile ya volti 1.5, akazigusisha ncha zake kwenye nyaya za spika ya kulia. Kiwambo cha karatasi kikaruka kwenda nje, pap. Akafanya vilevile kushoto. Kiwambo kikaruka kwenda ndani.

"Hizi zinagombana," akasema.

Spika ni pampu ndogo ya hewa. Koili ya waya imening'inia katika mwanya wa sumaku na imeshikamana na kiwambo. Umeme ukipita upande huu koili inasukumwa mbele, ukigeuka inavutwa nyuma. Umbo hilo ni lile lile walilolieleza Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric mwaka 1925, na hadi leo hakuna aliyelifukuza sokoni. Kiwambo kikienda mbele kinakandamiza hewa, kikirudi kinailegeza, na mfululizo huo wa kukandamiza na kulegeza ndio sikio linauita sauti. Sasa spika ya kushoto ikiwa imefungwa waya chanya mahali pa hasi, inalegeza hewa wakati ile ya kulia inaikandamiza. Ndani ya gari dogo, mmoja anajaza, mwenzake anachota.

Kwa nini besi ndiyo ipotee, na si sauti ya mwimbaji? Sababu ni urefu wa wimbi. Sauti husafiri karibu mita 345 kwa sekunde katika hewa ya joto kama yetu. Mlio wa hezi 50, yaani mtikisiko 50 kwa sekunde, una wimbi la karibu mita 7, refu kuliko gari zima. Mita moja na ushee kati ya mlango na mlango ni kitu kidogo kwake, kwa hiyo mawimbi mawili yanayopingana yanakutana karibu kila mahali na kufutana. Mlio wa hezi 5,000 una wimbi la sentimita 7 tu. Huo unafutika hapa na kuongezeka pale, kichwa kikisogea kidogo hali inabadilika, na sikio linasikia muziki uliotawanyika tu.

Mzee aligeuza nyaya mbili. Hakuuza kitu. Lakini alipokuwa amefungua ngozi ya mlango aliniita nione jambo jingine, na hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Nyuma ya ngozi ya mlango wa gari kuna bati lenye matundu makubwa, mengine unaweza kupitisha mkono mzima, yaliyoachwa ili fundi afikie mashine ya kioo. Kiwandani huyafunika kwa nailoni nyembamba, na katika gari langu nailoni yenyewe ilikuwa imechanwa na fundi wa kioo miaka iliyopita. Spika haipigi mbele peke yake. Kila kiwambo kinapokandamiza hewa ya mbele kinalegeza ile ya nyuma, na hewa ya nyuma ikipata tundu la kutokea inakutana na ya mbele. Ugomvi uleule wa kulia na kushoto, safari hii kati ya uso na kisogo cha spika moja. Spika za nyumbani hukaa ndani ya boksi kwa sababu hii tu: kukifungia kisogo. Kwenye gari boksi ni mlango, na mlango wangu ulikuwa chekecheke.

Watu wengi ninaowajua huanza na sabufa, kisha amplifaya, kisha spika za bei, na mlango hauguswi kamwe. Mimi nasema mpangilio huo ni wa kichwa chini miguu juu. Kuna karatasi nzito za mpira wa butili zenye foili ya alumini juu. Unazibandika kwenye bati, unaziba matundu, unaacha yale madogo ya chini kabisa ya mlango wazi, maana maji ya mvua hupita kwenye raba ya kioo na yasipotoka yataoza bati. Karatasi hiyo inafanya kazi mbili. Ya kwanza ni kuziba. Ya pili ni kulishika bati: bati jembamba likitikiswa linaimba lenyewe, kama sufuria iliyogongwa, na mpira unaonyumbuka unageuza mtikisiko huo kuwa joto dogo lisiloonekana. Si lazima kufunika bati lote. Kipande kizito katikati, pale linapotikisika zaidi, kinatosha sana. Utajua kwa kugonga kwa kidole. Kabla lilisema "nga", sasa linasema "du". Wapo wanaotumia utepe wa lami wa kuzibia paa kwa sababu ni rahisi. Gari likishinda kwenye jua la Dar es Salaam, lami inalainika, inanuka, na siku moja inateleza yote hadi kwenye mashine ya kioo.

Baada ya mlango ndipo tunaweza kuzungumza habari za wati. Redio nyingi usoni zimeandikwa 50 x 4, na watu huamini. Tupige hesabu. Injini ikiwaka, umeme wa gari ni kama volti 14. Redio isiyo na kifaa cha kuupandisha haiwezi kuisukuma spika kwa zaidi ya hizo. Wimbi linalofika kilele cha volti 14 lina wastani wa kazi wa volti 10. 10 mara 10 ni 100, gawa kwa omu 4 za spika, unapata wati 25. Ondoa zinazopotea njiani, zinabaki chini ya 20 zilizo safi. Hiyo 50 hupatikana ukilazimisha wimbi hadi vilele vyake vikatwe kabisa, likawa la pembe nne. Muziki wa namna hiyo ndio ule unaokwaruza, na ndio unaounguza spika ndogo za sauti kali, kwa sababu vilele vilivyokatwa vinazaa masafa ya juu ambayo hayakuwemo kwenye wimbo.

Amplifaya ya kweli inachukua volti 12, inazikatakata maelfu ya mara kwa sekunde, inazipitisha kwenye transfoma ndogo na kuzipandisha. Ndiyo siri yake. Lakini sikio halihesabu kama muuza duka. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3, tofauti unayoisikia kwa shida kidogo. Ili muziki uonekane umepaa maradufu unahitaji wati mara kumi. Kwa hiyo spika yenye unyeti wa desibeli 91 inakupa kwa wati 20 kile ambacho yenye 88 inakitaka kwa wati 40. Namba hiyo iko kwenye boksi la spika, kwa herufi ndogo, chini ya ile kubwa ya wati iliyochorwa moto.

Na ukifunga amplifaya, tafadhali, fyuzi iwe karibu na betri, si kule nyuma karibu na amplifaya. Inalinda waya. Waya mnene unaotoka kwenye betri unapita kwenye bati lenye makali kabla haujaingia ndani. Bila raba kwenye tundu hilo, mtikisiko wa barabara utaumenya, na betri ya gari inaweza kutema mamia ya ampea kwenye bati kabla hujafungua boneti. Pia ukwaruze waya kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba.

Redio yangu ya kwanza niliibadilisha kwa sababu isiyohusiana na besi. Gari lilitoka Japani, na FM ya huko ilikuwa kati ya megahezi 76 na 90, wakati yetu inafika 108. Wengi hufungiwa kile kiboksi kwenye waya wa antena kinachopunguza masafa: stesheni ya 98 inasomeka 84. Kiboksi hakina kosa, ila redio ile ina nafasi ya megahezi 14 na sisi tunahitaji 20, hivyo lazima baadhi ya stesheni zibaki nje.

Sabufa bado sijanunua. Siidharau, ndani ya gari besi nzito hupata msaada wa bure, kwa kuwa chini ya hezi 60 hivi wimbi halina nafasi ya kusafiri, linaijaza tu na kuiondolea kabini shinikizo, na sabufa ndogo inasikika kubwa. Lakini namfikiria konda wa daladala anayeshinda kutwa kando ya ile spika ya nyuma. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa salama kusikiliza saa 40 kwa wiki katika desibeli 80, na saa 4 tu katika 90. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa, kwa binadamu havioti tena.

Milango miwili ilinichukua Jumamosi nzima na ngozi ya vidole viwili, maana ile foili inakata kama wembe. Nikawasha redio ileile, spika zilezile, bila amplifaya. Gitaa la besi likawa na nyuzi, si ngurumo. Ila sasa kuna kitu kinalia nyuma, dzzz, kila besi ikishuka kwenye noti moja tu. Nimeondoa jeki, nimekaza spea, nimetoa sarafu zote. Jana nimegundua ni kibao cha namba. Kesho natafuta kipande cha sponji.