Comeback ya Puge: Tembea Kwanza, Mwanangu

Oya mwana, ugoko umepoa? Freshi. Sasa tulia, maana nakuona unavyoitolea macho lami ya Nzega–Tabora hapa Puge kama demu aliyekublock. Haihami ile.

Comeback ya kishamba tunaijua. Mtu kakaa benchi mwezi na nusu, Jumamosi ya kwanza anataka kuunyoosha mpaka Ndala kwa pace ya zamani, apate cha kupost Strava. Jumapili anaenda chooni kwa kushika ukuta. Pumzi inawahi kurudi, mifupa na kano vinachelewa. Ndiyo maana unajiona mnyama kumbe mguu bado mtoto.

Wajanja wanapiga hivi: dakika moja jog, mbili kutembea, nusu saa tu, kesho yake off. Pace ni ile unayoweza kupigia umbea bila kuhema. Ukiamka asubuhi maumivu yamezidi, rudi nyuma, usijifanye komando. Anzia vumbi la kando ya majaruba, lami baadaye.

Aibu ipo, sikufichi. Ukitembea na saa ya GPS na kibukta cha kubana, lazima mzee wa chini ya mwembe aanze: babu zetu walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo, nyie mnalia ugoko! Shikamoo babu, ila walitembea. Na njiani walipiga kambi. Kumbe walk break ni mali ya Wanyamwezi, sisi tunaiendeleza tu. Mwingine atakuandikia mafuta ya kondoo. Itikia "sawa babu," sepa.

Viatu sasa. Alphafly 3 ya Nike ilitoka kwa dola 285. Mzee baba, hiyo si bati za maza kabisa? Na plate yake ya carbon haiponyi mguu. Nenda gulioni, chambua mtumba: kunja soli, bonyeza kisigino, kiweke juu ya meza ukicheki kwa nyuma. Kimelala upande? Mwachie bodaboda.

Halafu hawa wakubwa wanaotuimbia marathon ya Olimpiki ya Mexico 1968 kila siku. John Stephen Akhwari wa Mbulu kaanguka, goti bandeji, kamaliza wa mwisho, saa 3 na dakika 25. Wanaishia hapo ili tulie. Part ya moto wanairuka! 1970, Edinburgh, Commonwealth Games, mwamba kamaliza wa 5 kwa 2:15:05. Miaka miwili, kashusha zaidi ya saa nzima. Hiyo ndiyo ya kuchora kwenye bodaboda.

Na Simbu je? Marathon ya ubingwa wa dunia, Tokyo 2025, hakupaparika. Kamfukuzia Petros wa Ujerumani hadi utepeni, wote 2:09:48, photo finish ikampa Mbongo dhahabu.

Kesho saa 12 asubuhi, stendi. Atakayeanza kukimbia kabla ya muda wa kutembea kuisha, chai na chapati za wote juu yake.