Kiingereza Katika Madarasa ya Bwera

Bwera ni mji ulioko wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, jirani na kituo cha mpaka cha Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kongo. Lugha ya nyumbani ni Kikonzo, nayo yafanana sana na Kinande kisemwacho upande wa pili. Sokoni husikika pia Kiswahili. Kijana wa hapa, basi, hakosi lugha. Lakini mtihani wa kidato cha nne hufanywa kwa Kiingereza, na asiyekielewa huweza kuanguka hata katika biolojia aliyoijua vema kichwani.

Tangu mwaka 2007 shule za msingi za vijijini hutakiwa kufundisha miaka 3 ya mwanzo kwa lugha ya mahali. Mwaka wa 4 ni wa kuvukia Kiingereza. Mwaka mmoja ni mfupi. Wako wafikao sekondari wangali wakikariri tu. Mtoto wa askari aliyehamishwa kutoka kambi ya mbali ana taabu zaidi: Kikonzo hakijui, na Kiswahili alichokulia nacho hakitumiki darasani. Hata neno likimpita, hajui amwulize mwenzake kwa lugha gani.

Zimekuwapo shule nchini zilizowavisha wanafunzi kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya kwao. Kibao hicho hakimfundishi mtu sentensi hata moja. Humfundisha kunyamaza.

Makosa ya wanafunzi yana asili yake. Mwanafunzi aandikapo habari za mama yake kwa neno "he" badala ya "she", si mjinga. Kikonzo, kama Kiswahili, hakitengi mume na mke katika neno "yeye". Atamkapo "desk" kama "desiki", ni kwa kuwa maneno ya kwao huishia kwa irabu. Na asomapo "cough" na "though" kwa mlio mmoja, lawama, kwa haki, ni ya Waingereza wenyewe. Mwalimu ajuaye hayo huziandika ubaoni lugha mbili sambamba, akaeleza tofauti kwa dakika 5, kisha akarudi kwenye Kiingereza.

Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 wataka mwanafunzi atende. Bwera haikosi mambo ya kutenda. Mmoja awe karani wa forodha, mwingine mchuuzi wa kahawa. Au mmoja atoe taarifa ya baiskeli iliyoibwa, na mwenzake awe polisi wa zamu: Ilikuwa saa ngapi? Wapi? Nani aliona? Hapo ndipo vitenzi vya wakati uliopita hupata kazi. Kelele zitakuwako, na mwalimu azivumilie.

Nyumbani, mzazi asiyejua Kiingereza asijitenge. Jioni amwambie mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha afunge kitabu na kueleza kwa Kiswahili au Kikonzo alichosoma. Akiweza, ameelewa. Akigugumia, mzazi amwandikie mwalimu maneno mawili daftarini usiku huo huo, mtihani ungali mbali.