Kupita kwa barafiki ya zamani na familia yote mu motoka

Tangu tulirudia toka Kolwezi, batatu kati yenu bamenipigia simu: namna gani muliweza kulala kwa barafiki wane bila kugombana na muntu? Naeleza.

Tulikuwa bantu nane mu Hiace ya baba mudogo: bazazi, bibi yangu, batoto batatu, yaya na miye. Tulitoa viti vya nyuma, tukaweka magodoro mbili. Lubumbashi mpaka Likasi iko kilometa 120 hivi, Likasi mpaka Kolwezi karibu 180. Barabara iko na lami, muntu wa haraka anaimaliza siku moja. Sisi tulimaliza siku kumi na mbili: nyumba mbili Likasi, moja Fungurume, moja Kolwezi.

Mwezi wa saba ni muzuri, hakuna mvua na batoto hawana masomo. Lakini baridi! Usiku inashuka chini ya digri 10, na motoka ni chuma. Mubebe mablanketi mingi.

Jambo ya nguvu ni kulala. Tulifikiri kulala mu motoka ni heshima, hatutasumbua mwenye nyumba. Likasi, usiku wa kwanza, mama ya rafiki alitoka inje na kitambaa ku kichwa, akagonga ku kioo: "Nyumba yangu iko na kasoro gani?" Baba alikosa jibu. Kwetu, mugeni akilala inje, bajirani banasema mwenye nyumba alimukatalia. Lakini kuingiza bantu nane mu vyumba viwili, na kubapikia bukari, inamaliza unga wa siku mingi, na mwenyewe hatasema. Njo tukapata namna: wamama na batoto banalala mu nyumba, sisi wanaume mu motoka, "juu ya kulinda mizigo". Kila muntu anajua ni kisingizio.

Unga tulinunua Lubumbashi, mufuko wa kilo 25 kwa kila nyumba. Musiupane mu saluni mbele ya baba wa nyumba. Mama yangu alikuwa anaupitisha nyuma, ku jikoni, anasema tu: batoto yetu banakula sana, utusamehe.

Ile mama wa Likasi alitupikia munkoyo. Miye na lisansi yangu nikaanza kueleza batoto: mizizi iko na anzime zenye kuvunja wanga ya mahindi, njo maana uji unakuwa maji na sukari inatoka, kisha inachacha. Yeye aliingiza kidole mu uji, akasema bado moto, ukitia mizizi sasa itakufa. Ile ile mambo ya mu kitabu, bila kitabu. Mizizi anaitafuta mbali sasa, pori linaisha juu ya makala.

Kolwezi njo tulifanya kosa. Rafiki yetu, miaka miwili ku simu, alikuwa anasema ako na kazi ku kampuni moja ya migodi. Tulitaka kumushtua, hatukumwambia siku. Tulimukuta mbele ya parsele, anauzisha makala mu vifuko vidogo. Aliniona, akatazama chini. Batoto yangu tayari banashuka na kelele.

Hakuna muntu aliuliza kintu. Baba alichagua mufuko muzima wa makala, akalipa bila kuomba bei ipunguzwe, akasema ni ya njiani. Magaribi, tulipobakia wawili, njo rafiki alianza mwenyewe: mukataba uliisha mwaka jana, hakupata namna ya kutuambia.

Kwa hiyo mupige simu siku mbili mbele. Chakula kitapatikana, rafiki anahitaji wakati wa kujua atabaambia nini.

Kesho yake alinipeleka ku kiwanja kidogo pembeni ya muto, anataka kupanda lengalenga na shu. Niliona kale kauwa ka shaba, Haumaniastrum, kamekauka lakini kamesimama, fasi mbili. Nilimwambia asipande mboga ya kula pale mbele ya kupima udongo. Nimerudi na sampuli mu chupa mbili. Mwenye kujua laboratwari ya bei kidogo hapa Lubumbashi, aniandikie.