JE, WAJUA? Kiu ya pumzi haitokani na uhaba wa oksijeni

Ukibana pumzi, kinachokulazimisha kuiachia ni kabonidayoksaidi iliyojaa kwenye damu. Oksijeni bado unayo.

• Mlinzi wa zamu ni shina la ubongo, ndani ya kisogo. Hupima asidi ya damu, ambayo huongezwa na kabonidayoksaidi, kisha huamuru kiwambo kilicho chini ya mapafu kishuke. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, hata usingizini.

• Mlinzi huyo hudanganyika. Pampu ya petroli ikiwashwa ndani ya duara, yaani shimo la wachimbaji wa dhahabu, hutoa kabonimonoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Kijana aliyeshuka humo kutafuta dhahabu hahemi, kwa kuwa kabonidayoksaidi haijajaa kwenye damu yake. Kichwa humuuma, miguu huisha nguvu, huzimia.

• Mwaka 2015 duara liliporomoka Nyangarata, Kahama. Wachimbaji watano waliokolewa hai baada ya siku 41, wakiwa wamekula mizizi, mende na vyura. Njaa huweza kustahimiliwa hivyo, lakini bila hewa, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu.